Pembe Nne za Puti

Sajini alivunja kioo cha pili kabla ya saa nne asubuhi, na hapo Inspekta akamnyang'anya patasi.

"Mama, chuma hiki kimelaaniwa," Sajini alisema, akijipangusa vumbi jeupe puani.

Walikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la zamani la ofisi, katika chumba kitupu chenye madirisha ya chuma yaliyokuwa yakikarabatiwa. Kazi aliyompa Sajini ilionekana ya kitoto: kubandua puti kuukuu, ule udongo wa mafuta unaoshikilia kioo kwenye fremu. Puti mpya ni laini kama unga uliokandwa. Ikipigwa na jua miaka arobaini huwa jiwe, na jiwe hilo haling'oki kwa ubabe. Ukipiga kwa nguvu kioo kinapasuka, na ukikosea pembe ya patasi chuma chenyewe kinapinda. Sajini alikuwa amefanya yote mawili. Inspekta alitaka kujua mambo matatu tu: kazi hiyo inachukua muda gani, inapiga kelele kiasi gani, na inaacha alama gani. Saa moja na nusu kwa dirisha moja. Kelele za kusikika mpaka ngazini. Alama ndizo zilizokuwa zimempigisha Inspekta magoti mbele ya dirisha la jirani, dirisha la tatu, ambalo sasa lilikuwa tundu lenye anga.

Kioo cha dirisha hilo kilichomoka Jumatatu alasiri. Upepo ulibamiza dirisha mara moja, kioo kikatoka kizima kizima, kikashuka mpaka barazani alipokuwa ameketi Mama Pindo, fundi cherehani ambaye mji mzima ulimjua kwa upindo wake usioonekana. Kilimkata mkono wa kulia juu ya kiwiko. Leo ilikuwa Jumatano, na madaktari walikuwa bado hawajaweza kusema kama vidole vile vitashika sindano tena.

Jioni ile ile ya Jumatatu alitiwa ndani kijana aliyekiweka kioo hicho. Jina lake wengi walikuwa wameshalisahau, wakimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba wa baba yake. Kosa lake lilionekana wazi. Kwenye dirisha la chuma, kabla ya puti ya nje kupakwa, kioo hubanwa na vibano, vipande vidogo vya waya vinavyoingia kwenye matundu ya fremu. Dirisha la tatu lilikuwa na matundu sita na halikuwa na kibano hata kimoja. Kitinda aliapa kwamba aliviweka vyote sita. Mkuu wa kituo alisema viapo ni vya bure, akaagiza kijana afikishwe mahakamani Alhamisi saa tatu asubuhi na faili liondoke mezani kwake.

Aliyelitia faili hilo uzito alikuwa kaka yake Kitinda, msimamizi wa mafundi, aitwaye Mkubwa. Baba yao mmoja, mama mbalimbali. Alikuja kituoni kwa miguu yake kabla hajaitwa, uso umesinyaa kwa huzuni, akaandikisha kwamba mdogo wake ni mzembe, kwamba alishamwonya mara nyingi juu ya vibano, na kwamba damu ni nzito lakini haki ni haki.

"Kwa nini hakungoja kuitwa?" Inspekta aliuliza jioni hiyo, na wenzake wakacheka chinichini. Kituoni walimwita Bibi Kwa Nini, na yeye alijua.

Sasa alichukua njiti ya kiberiti akaichomeka kwenye puti ya dirisha la pili. Ilivunjika. Akachukua njiti nyingine, akaichomeka kwenye mabaki ya puti ya dirisha la tatu. Ilizama yote mpaka kichwa.

"Sajini, daftari la kazi linasemaje kuhusu madirisha haya mawili?"

Sajini alifungua daftari la msimamizi wa jengo. Lilisema yalimalizwa siku moja na fundi mmoja, Kitinda, wiki tatu zilizopita.

"Basi mapacha hawa mmoja ana meno na mwingine ananyonya," Inspekta alisema. "Kwa nini?"

Sajini alijikuna kisogo. Labda puti ya kopo tofauti. Labda kivuli. Inspekta alimwonyesha kwamba jua linapiga yote mawili sawasawa, kisha akamsogeza aangalie fremu kwa kioo cha kukuzia. Kitinda, kama kila fundi anayeijua kazi, alikuwa amesugua chuma kwa brashi ya waya na kukipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu kabla ya kuweka kioo. Kwenye dirisha la tatu rangi hiyo ilikuwa na mikwaruzo mipya, myembamba, ikimeta kama fedha. Kutu ilikuwa haijapata hata nafasi ya kuionja. Na ndani ya kila tundu, yote sita, rangi ilikuwa imechubuka duara, pale waya unapoingia na kukaza.

"Vibano vilikuwamo," Sajini alisema polepole.

"Vilikuwamo. Mtu alikuja siku chache zilizopita, akabandua puti, akang'oa vibano, akarudisha kioo na kukipaka puti mpya. Alikuwa na utulivu. Hakuvunja kioo, tofauti na watu fulani."

Sajini aliutazama mkono wake mwenyewe kwa chuki.

Kulikuwa na jambo la tatu, na hilo Inspekta alilibeba mfukoni. Kilikuwa kipande cha kioo kilichookotwa barazani, kikiwa bado na puti kwenye pembe. Pembe ile ilikatwa kwa kisu, mistari miwili ikikutana kwenye ncha moja kali, sawasawa kama mkunjo wa bahasha. Kwenye fremu zilibaki pembe nyingine tatu, zote hivyo hivyo. Alizunguka chumba kizima akitazama madirisha ya Kitinda. Puti yake ilikuwa nzuri, imenyooka, lakini kila pembe ilimaliziwa kwa kidole gumba, ikawa mviringo kidogo.

Asubuhi, kabla ya kuja hapa, alikuwa amempelekea kijana kile kipande mahabusu. Kitinda alikipokea, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya ile pembe, mara moja, taratibu. Kisha akakirudisha. Alisema aliweka vibano sita. Alipoulizwa jingine aliomba maji.

Msimamizi wa jengo, mzee wa funguo nyingi na pumzi chache, alihojiwa kwenye ngazi. Alieleza kuwa ufunguo wa chumba hutundikwa mlangoni na kuuchukua si kazi. Siku ya Ijumaa alisikia kugonga kuanzia saa sita hivi, akadhani ni mafundi. Kitinda hakuwapo, aliondoka saa tano kwenda kuchukua vioo na kurudi saa kumi, na mwenye duka la vioo alikuwa ameshathibitisha hilo kwa simu. Mkubwa naye alikuwa ameaga kwamba mgongo unamuuma, yuko nyumbani. Kisha mzee akateremsha sauti. Alimwona mtu akipanda siku hiyo, tena mtu asiye na shughuli huko. Mama Vifungo.

Macho ya Sajini yaling'aa. Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani wa upande wa pili wa baraza, na mji mzima ulijua kilichokuwa kikimla. Kabla Mama Pindo hajahamia hapo, wateja walipanga foleni kwake. Tangu huyo mwingine afungue cherehani yake, foleni iligeuza shingo. Watu watatu walikuwa tayari kuapa kwamba walimsikia akisema ipo siku kitu kitamwangukia yule mwanamke kichwani.

Walimkuta anashona, mguu haukuacha kukanyaga hata alipoona sare. Sajini alimsomea maneno yake mwenyewe.

"Nimesema," alijibu, akikata uzi kwa meno. "Na kesho nitasema tena. Lakini maneno yangu hayana mikono, mwanangu. Nenda kamtafute mwenye mikono."

Inspekta alivuta kigoda akaketi. Aliuliza kwa nini mtu anayechukia ngazi, mwenye goti linalolia akipanda kizingiti, alipanda ghorofa tatu siku ya Ijumaa.

Mguu wa Mama Vifungo uliacha kukanyaga. Kwa mara ya kwanza aliona haya, na haya ilimpunguza umri. Ilibidi aulizwe mara tatu. Mwishowe alikiri kwamba meza ya Mama Pindo ya kukatia inaonekana vizuri ukiwa juu, kutoka dirisha la ngazini. Kuna kola moja anaikata yule mwanamke, kola isiyonyanyuka hata ikifuliwa mara mia, na yeye kwa miaka miwili hajalala akiifikiria. Alipanda kuiba kwa macho.

"Na uliiba?"

"Alinipa mgongo wake ule mpana. Sikuona kitu."

Sajini alikohoa ili asicheke. Inspekta aliuliza aliona nini kingine huko juu, na jibu la hapo ndilo lililomfanya afungue daftari. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Fundi mmoja wa ovaroli ya buluu alikuwa amepiga magoti dirishani, amempa mgongo. Alidhani ni Kitinda, maana nani mwingine? Alikuwa akimalizia puti kwa kisu. Alikata pembe, akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa upande, akasogea tena, akapunguza kidogo sana, akarudi nyuma tena.

"Kama bibi harusi anayejipaka wanja," alisema Mama Vifungo. "Nikajisemea, huyu naye anaipenda kazi yake jamani. Hata mimi nilimwonea gere."

Walipotoka, Sajini alisema huo ni ushahidi tosha, mtu wa puti katika jengo hili ukimwondoa Kitinda anabaki mmoja. Inspekta alimkumbusha kwamba shahidi aliona mgongo, na mgongo hauna jina mahakamani. Ovaroli za buluu ziko mia mjini. Pembe za puti si alama za vidole. Mkubwa akisema alikuwa kitandani, nani atambishia? Na kesho saa tatu kijana atasimama kizimbani.

"Sasa tufanyeje, mama?"

"Tumwite fundi," alisema. "Wewe umeharibu madirisha ya watu. Lazima yatengenezwe."

Mkubwa alifika saa nane, mtu wa makamo, safi, kucha zimekatwa, zana zake zimeviringishwa kwenye kitambaa kama vyombo vya daktari. Inspekta alimpokea kwa heshima, akamwambia anahitaji maelezo ya kitaalamu kwa ajili ya ripoti: puti kuukuu huondolewaje kwenye chuma? Macho ya Mkubwa yalikuwa yameshaangukia kazi ya Sajini.

"Nani kaliua dirisha hili?" aliuliza.

Sajini alitazama dari.

Mkubwa hakungoja kuombwa. Alifungua kitambaa, akachagua patasi nyembamba na nyundo ndogo, akapiga magoti mbele ya dirisha kuukuu la kando, ambalo Sajini hakuwa ameligusa. Alianzia katikati ya upande, si pembeni. Alilaza patasi sambamba na chuma na kugonga kidogo kidogo, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya mgonjwa, na puti ya miaka arobaini ikaanza kuachia vipande virefu. Pale ilipogoma aliipasha moto kwa kichomeo cha gesi, akikinga kioo kwa kipande cha bati, akingoja, akigusa, akingoja tena. Aliwaeleza bila kuinua kichwa kwamba mwenye pupa huvunja kioo na mwoga hulala hapo hapo. Kila kibano alichokitoa alikipanga kizingitini, vichwa vikitazama upande mmoja. Dakika thelathini na tano, fremu ikawa tupu na kioo kizima mikononi mwake. Hata Sajini alisahau kuwa askari akapiga makofi mawili.

Inspekta aliuliza alijifunzia wapi. Kwa baba, alisema. Alimshikia baba ngazi tangu ana miaka kumi na miwili, miaka ishirini mfululizo. Inspekta akakigusa kisu cha puti kilichobaki kwenye kitambaa: je, hiki ni cha baba? Mkono wa Mkubwa ulisimama. Akasema hapana. Kisu cha baba kiko kwa Kitinda. Siku ya tatu baada ya mazishi mama mdogo alikitoa kabatini akamkabidhi mwanawe mbele ya ukoo mzima, akidai ndivyo marehemu alivyousia. Wakati huo Kitinda alikuwa hajui hata kukanda puti. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akikikunja na kukikunjua kile kitambaa cha zana.

"Pole," Inspekta alisema. Alitoa daftari, akapiga kalamu mara mbili kwenye ukurasa. "Ripoti nimekaribia kuimaliza. Kuhusu vibano sitamwonea huruma, mzembe ni mzembe. Ila nitaandika na mazuri yake, ndiyo haki. Msimamizi wa jengo ameniambia jambo nikalithibitisha kwa macho yangu. Kati ya madirisha yote ya ghorofa hii, la tatu ndilo lililokuwa limemaliziwa vizuri kupita yote. Anasema Jumamosi alisimama akalitazama kama picha. Hajaona pembe za namna hiyo tangu enzi za baba yenu."

Alitoa kile kipande cha kioo akakiweka kizingitini, kando ya vibano.

"Anasema kijana akitoka atampa yeye ghorofa zilizobaki. Mkono wa mzee umerithiwa, anasema. Nitayaandika hivyo hivyo, yasomwe mahakamani."

Mkubwa alikitazama kipande kile. Alikisukuma mbali na vibano kwa ncha ya kidole.

"Msimamizi hajui kitu," alisema.

"Macho anayo."

"Kitinda hawezi kukata pembe. Anabonyeza kwa dole gumba kama mtoto anayechezea tope. Tazama madirisha yake yote haya! Alipewa kisu, hakupewa mkono." Aliinyoosha mikono yake mbele, na haikutetemeka hata kidogo. "Miaka ishirini nimeshika ngazi. Miaka saba nimekata pembe kwenye vipande vya mbao uani, nikivunja na kuanza upya, mpaka baba akasema sasa. Halafu mnaniambia hizi ni zake?"

"Kwa hiyo si zake."

"Si zake na hazitakuwa zake."

"Ni za nani, bwana?"

Chini barazani cherehani ya Mama Vifungo ilikuwa ikitetemesha mbao, na ile nyingine, ya upande wa pili, haikusikika. Mkubwa aliona mlango ulipokuwa. Kutoka lilikuwa jambo rahisi: aseme hajui, akunje kitambaa, aende zake. Kesho pembe zile zingesomwa mahakamani kwa jina la Kitinda, zikaandikwa, zikakaa kwenye karatasi ya serikali mpaka watakapokufa wote.

"Zangu," alisema.

Inspekta aliandika neno hilo, kisha akampa onyo la kisheria, polepole, neno kwa neno, kama linavyotakiwa kutolewa. Mkubwa aliitikia kwa kichwa na kuendelea. Mgongo haukumuuma. Vibano vyote sita vilikuwa nyumbani, ndani ya kopo la misumari. Hakukusudia aumie mtu; alitaka kioo kianguke jengo likiwa tupu, wenye jengo wamfukuze kijana, wajue nani ndiye fundi. Inspekta alimwambia kwamba upepo hauulizi saa ngapi. Akamuuliza swali lake.

"Ulikuwa unaliharibu dirisha. Kwa nini ulikata pembe?"

Mkubwa alimtazama kana kwamba yeye ndiye mwendawazimu kati yao.

"Ningeachaje?" alisema. "Andika vizuri hapo, mama. Andika kwamba pembe ni zangu."

Saa kumi na moja jioni vile vibano sita vilikuwa kwenye bahasha mezani kwa mkuu wa kituo. Kitinda aliletwa kaunta kurudishiwa vitu vyake: mkanda, simu, kitambulisho, na kisu kifupi chenye mpini uliochakaa kwa jasho la baba. Alikuwa anatia sahihi mlango wa ofisi ulipofunguka, kaka yake akatoka na pingu, Sajini kando yake.

Ndugu wale walisimama, hatua tatu kati yao.

Inspekta, aliyekuwa nyuma, ndiye aliyesema kwanza. "Nilipokuonyesha kile kipande asubuhi, ulijua."

"Nilijua nilipokigusa," alijibu Kitinda, lakini alikuwa akimtazama kaka yake. "Pembe zako hazijifichi, kaka. Tangu mtoto nazionea wivu. Nimezijaribu usiku na mchana zikanishinda, ndiyo maana naziviringa kwa dole gumba, watu wadhani napenda hivyo."

"Na hukusema," Inspekta alisema.

"Ningesema nini? Kwamba kaka yangu ni fundi?"

Mkubwa aliinamisha kichwa. Alivitazama viatu vyake, akazitazama pingu, kisha macho yake yakatulia kwenye kile kisu mkononi mwa mdogo wake, namna kilivyoshikwa.

"Unakilaza mno," alisema kwa sauti kavu. "Kisimamishe kidogo. Halafu vuta kuja kwako. Usisukume."

Sajini alimgusa bega, wakaenda. Korido ilimeza nyayo zao, lango la mahabusu likalia mara moja.

Mlango wa nje ulikuwa wazi, na mama yake Kitinda alikuwa akingoja pale uani tangu asubuhi. Kijana hakutoka mara moja. Alisimama kaunta, akakiinua kile kisu, akakisimamisha kidogo, akavuta hewani kuja kwake. Kisha akavuta tena.